Kwa Nini Umeanza na Sifuri

"Kwa nini umeanza na sifuri?" Mwalimu Ezéchiel aliuliza kwa mara ya tatu.

Anaïs alisimama mbele ya darasa, mikono nyuma, macho sakafuni. Kazi yake ilikuwa imeoneshwa ukutani ili wote waione: programu fupi ya kutafuta wastani wa alama za wanafunzi arobaini. Wenzake wote walikuwa wameandika kama walivyofundishwa, kompyuta ianze kuhesabu orodha kwenye namba moja. Yake peke yake ilianza na sifuri, na jibu lake halikufanana na la mtu yeyote.

"Kama umeiandika mwenyewe, eleza."

Msichana aliinua macho, akamtazama mwalimu, akawatazama wenzake, akarudisha macho sakafuni.

Ezéchiel alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwezi wa kwanza, mwalimu wa kompyuta wa shule hii ya Sydenham alipohamia ng'ambo, mkuu wa shule alimwuliza kama anaweza kulishika somo. Alisema anaweza. Zamani, kwao Bukavu, alikuwa amesoma kompyuta mwaka mmoja, na mtu mwenye mkataba wa kuhesabiwa miezi hajui kukataa. Ijumaa mkaguzi wa wilaya angekuja kuangalia kazi za darasa la kumi na moja. Baada ya hapo ndipo angejua kama mwakani ana kazi.

Ndiyo maana kazi ya Anaïs ilimchoma. Mkaguzi akigundua kwamba ameiba kazi ya mtu mwingine, atauliza mwalimu alikuwa wapi.

Akaacha Kiingereza. Darasani humo Kiswahili walikijua wawili tu, yeye na Anaïs.

"Sisi wageni hapa tunaangaliwa," alimwambia taratibu. "Mmoja akiiba, tumeiba wote. Mimi nasimama hapa kila siku ili watu wasiseme hivyo, halafu wewe, mtoto wa kwetu, ndiye unanitia haya."

Wenzake hawakuelewa maneno, lakini walimwona akifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Unisamehe, prof," alisema, akimwita kama walimu wanavyoitwa kwao.

Ezéchiel alilihesabu hilo kuwa kukiri. Akampa sifuri kwa kalamu nyekundu.

Mchana ule aliteremka mjini, kwenye kibanda cha kutengeneza simu cha Hardy, kaka yake Anaïs. Aliamini kazi ile imetoka mikononi mwa kaka huyo. Hardy alimpisha kiti, akazima redio, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Prof, mimi najua kubadilisha vioo vya simu tu," alisema. "Nyumbani hakuna kompyuta. Iko daftari tu, anaandika humo mpaka tunamwambia alale."

"Basi kwa nini hawezi kueleza alichoandika?"

Hardy aliinama akaanza kupanga bisibisi zake ambazo zilikuwa zimepangika. "Najua kwa nini. Alinikataza kusema. Umwulize yeye mwenyewe."

Ezéchiel aliondoka akiwa na uhakika kuliko alivyokuja. Mtu asiye na la kuficha hakatazwi kusema.

Alhamisi, masomo yalipokwisha, alipita nje ya chumba cha kompyuta akakuta darasa zima bado limo. Anaïs alikuwa amesimama mbele, na wengine wamegeuza viti kumwelekea. Walipomwona dirishani walinyamaza wote kwa pamoja. Alijua maana ya ukimya kama ule. Wanapanga kwenda kumshitaki kwa mkuu wa shule, na Anaïs ndiye anayewaongoza. Aliendelea na njia yake kana kwamba hakuona kitu, masikio yanamwaka moto.

Ijumaa mkaguzi alifika mapema, mama mtu mzima aitwaye Bi. Govender, miwani kwenye kamba shingoni. Alikaa kwenye kompyuta ya kwanza, akavaa miwani, akafungua kazi, akaisoma mstari kwa mstari. Ezéchiel alisimama nyuma yake. Kazi ilianza na sifuri.

Alidhani ni ya Anaïs. Akatazama jina. Haikuwa yake.

Kompyuta ya pili, sifuri. Ya tatu, sifuri. Bi. Govender aliendelea safu hadi safu, akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika, na Ezéchiel alimfuata. Kazi zote alizozisahihisha Jumatatu zilikuwa zimebadilika mahali pamoja tu. Jibu kwenye kila kioo lilikuwa lile lile, jibu la Anaïs. Wanafunzi walitazama mbele. Hakuna aliyemtazama yeye.

"Hongera, mwalimu," Bi. Govender alisema. Akamweleza kwamba mwezi uliopita, upande wa Pinetown, alikuta darasa zima linaanza na moja. Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo mtoto wa kwanza kwenye orodha aliachwa nje kila mara, na mwalimu mwenyewe hakuwa na habari. "Mwalimu yule Januari hatarudishwa kazini. Lakini wanafunzi wako wanajua, wote." Ezéchiel akaelewa Anaïs alikuwa akiwafundisha nini Alhamisi, na kwa nini hakutaka kumweleza mbele ya darasa.

Kisha akaichukua karatasi ya alama, akapitisha kidole kutoka juu kwenda chini, kikasimama karibu na mwisho.

"Huyu Anaïs kazi yake ni sawa na ya wenzake. Kwa nini umempa sifuri?"

Ezéchiel alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, machache tu, na alikuwa anayajua: mimi ndiye niliyekosea. Kabla hajayatoa, kiti kilisogea nyuma ya chumba na Anaïs akasimama.

"Nilichelewa kuleta, madam," alisema kwa Kiingereza safi. "Nilichelewa siku mbili. Mwalimu alikuwa ametuonya."

Bi. Govender alimtazama msichana juu ya miwani, kisha akamgeukia Ezéchiel ahakikishe.

Ezéchiel aliitikia kwa kichwa.