Nusu Iliyolipwa

Karani wa dirisha la malipo la hospitali alizirudisha baadhi ya noti chini ya kioo. "Umezidisha, dada. Imebaki nusu tu. Nusu nyingine imelipwa asubuhi."

"Imelipwa na nani?"

Karani aligeuza daftari. Fundi akalisoma jina, akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni, akalisoma tena. Lilikuwa la rafiki yake, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Birika.

Hakuitwa Birika kwa kupenda chai. Aliitwa hivyo kwa sababu mkono wake, kama wa birika, haukujua kunyooka. Walikuwa wakishona nguo katika chumba kimoja, mwaka wa nane sasa, wakigawana kodi, na Birika hakuacha kitu bila kukigawa. Alichora mstari wa chaki katikati ya meza ya kukatia. Umeme aliupima kwa pasi: "Wewe leo umenyoosha suruali nne, mimi blauzi moja. Tusioneane." Ufagio ulipokwisha, alitaka Fundi achangie zaidi, maana vitambaa vya upande wake ndivyo vilivyochafua sakafu. Siku ya harusi ya Fundi alileta zawadi ya foronya moja. "Ya pili mumeo atanunua," alisema, na wala hakuwa akitania.

Mtoto wa Fundi alipolazwa, Fundi alimwomba amkopeshe chochote. Birika hakuinua kichwa, aliendelea kutunga uzi. "Mimi hulipa kinachonihusu, mwenzangu. Kisichonihusu sikigusi."

Fundi angekuwa amehama zamani kama si baba yake. Mzee, seremala wa miaka mingi, ndiye aliyewatafutia kile chumba na kuwakutanisha. Kila binti yake alipokwenda kulalamika, wengine wakivunjika mbavu kwa vituko vya Birika, mzee hakucheka. "Mvumilie," alikuwa akisema huku akipiga randa. "Mtu hujui alikolelewa."

Sasa mzee alikuwa wodini, mapafu yamechoshwa na vumbi la mbao, na Birika huyohuyo amelipa nusu ya bili bila kuombwa.

Fundi alitoka hospitali moja kwa moja hadi chumbani kwao. Birika alikuwa akipima kola.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Bili ilikuwa kubwa, nikalipa nusu."

"Nitakurudishia, hata kama ni kidogo kidogo."

"Sijakudai."

Fundi alilia palepale, machozi yakadondokea kitambaa cha mteja. Miaka minane alikuwa amemsengenya mwanamke huyu kwa kila aliyeingia kupimwa nguo. "Kuanzia leo wewe ni ndugu yangu," alimwambia. Birika alimtazama kwa muda, kama mtu aliyetaka kusema jambo, kisha akarudi kwenye kola yake.

Mume wa Fundi aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa. "Bahili hatoi bure. Hicho ni chambo. Utaona, atakuja kuzidai cherehani zako."

"Humjui," Fundi alimkatiza, na siku mbili nzima hawakusemezana.

Wiki ya tatu mzee alifariki. Birika alilipa nusu ya jeneza na nusu ya gari la kubebea mwili. Lakini safari hii Fundi alimwona akiomba risiti, akizikunja moja moja na kuzitia kwenye bahasha. Jambo hilo lilimchoma kidogo kama mwiba wa nguoni, usioonekana ulipo. Akajiambia ni mazoea tu.

Siku ya kikao walikusanyika sebuleni kwa mama yake, mchana, milango wazi. Baba mkubwa alikaa kwenye kiti cha marehemu. Mashangazi walikaa dirishani. Fundi, mtoto pekee wa nyumba ile, alikaa kwenye benchi ubavuni mwa mama. Lililowaleta lilikuwa nyumba na karakana ya useremala, viende kwa nani na kwa namna gani. Baba mkubwa alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, Birika akatokea mlangoni, bahasha ameikumbatia kifuani.

Damu ilimpanda Fundi kichwani. Kumbe mume wake alikuwa sahihi. Mtu amekula naye miaka minane, na ameshindwa kungoja hata kaburi likauke. Aliinuka akamkabili palepale kizingitini, akasema kwa sauti ya chini ili wakubwa wasisikie.

"Leo? Mbele ya mama yangu?"

Birika alivua viatu, akaviweka kando ya mlango.

"Nimegombana na mume wangu kwa ajili yako. Nilikuita ndugu."

"Najua."

"Basi deni lako nitalilipa lote, hata kwa kuuza cherehani. Ila leo ni mambo ya familia. Tafadhali, nenda zako."

Birika hakusogea. Macho yake yalipita juu ya bega la Fundi hadi kwa baba mkubwa kitini.

Baba mkubwa alikohoa. "Mpishe aingie, mwanangu," alisema taratibu. "Sasa watoto wote wa marehemu wamefika. Tunaweza kuanza."

Fundi alimgeukia mama yake, akingoja akatae. Mama alikuwa ameinamisha uso, na tayari amekwisha kusogea kwenye benchi kumwachia Birika nafasi.