Ndoo za Seremala

Kulipopambazuka, seremala alikuwa anafunika ndoo yake ya saba. Mapipa mawili yalishajaa tangu saa kumi. Dobi, jirani yake wa ukuta mmoja, aliamshwa na mlio wa bomba lililokuwa likikohoa upande wa pili. Akatoka mbio na beseni, kanga moja begani, akafungua bomba lake. Likatoa tone moja, likanyamaza.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi huo, na dobi alitamani kulia.

Si kwamba hakusikiliza matangazo. Gari la jiji lilipita na kipaza sauti, redio ikarudia, na mkurugenzi wa maji mwenyewe akasema kwenye televisheni: maji ni Jumapili. Mtaa mzima ukasubiri Jumapili. Yakatoka Jumamosi alfajiri, watu wamelala fofofo. Na aliyeyakinga ni seremala, mtu pekee mtaani ambaye hajasikia tangazo lolote tangu azaliwe.

"Ana mtu wa ndani," alisema kinyozi wa pale kona, ambaye habari zote za mtaa hupitia kwenye kiti chake.

"Kiziwi aongee na nani huko jijini?" dobi aliuliza.

"Ndiyo maana siri haivuji!"

Tangu siku hiyo seremala akaitwa Mtu wa Ndani. Yeye hakuwa na habari. Aliendelea kupiga randa zake, na mtu akimpungia mkono, naye anapunga.

Dobi hakuwa na muda wa utani. Sebuleni kwake kulikuwa na mashuka sitini ya kliniki, yamejaa mpaka kwenye makochi. Kazi ya kliniki ndiyo iliyomsomeshea watoto wawili, na sasa muuguzi mkuu alikuwa amechoka na visingizio vya maji.

"Ijumaa asubuhi, mama," alimwambia. "Yasipofika, usijisumbue kuja kuchukua mengine. Tutampa mwenye mashine."

Dobi akamvizia yule bwana wa jiji anayepita na baiskeli na ufunguo mrefu wa chuma, anayefungua koki kubwa ya mtaa wao, mtaa wa chini. Akamsimamisha katikati ya barabara.

"Baba, niambie ukweli. Maji lini?"

"Mimi ni wa kufungua tu, mama. Siruhusiwi kutangaza." Akakanyaga pedali, kisha akageuka kidogo. "Angalia televisheni. Lakini angalia vizuri."

Angalia vizuri! Dobi alimsindikiza na msonyo mpaka akapotea kwenye kona. Televisheni ndiyo iliyomfikisha hapo alipo.

Jumatano jioni akaamua kwenda kumpeleleza seremala mwenyewe. Aliulegeza mguu mmoja wa meza yake ya kupigia pasi, akaibeba meza kichwani, akabisha hodi.

Mke wa seremala ndiye aliyefungua. Yeye anasikia, na ana mdomo pia.

"Karibu jirani! Leo umetukumbuka?"

"Meza imenivunjikia, dada."

"Miaka minne ukuta mmoja, imebidi meza ivunjike ndiyo uje kutuona."

Dobi akacheka cheko la aibu. Ilikuwa kweli. Hakuwahi kuingia nyumba ile, na hakumjua mtu mtaani aliyewahi kuingia.

Seremala alikuwa ameketi kwenye kigoda, pua karibu iguse televisheni. Haikuwa na sauti. Taarifa ya habari za jiji ilikuwa imeanza, na mkurugenzi wa maji ndiyo kwanza anapanga karatasi zake.

"Niongezee sauti, dada, nakuomba," dobi akasema.

"Wakazi wa mtaa wa chini," mkurugenzi akatangaza, "watapata maji siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi. Tunawaomba muwe na subira." Akainua glasi yake, akanywa maji.

Jumatatu. Dobi akakaa kwenye mkono wa kochi bila kukaribishwa. Kazi ya miaka kumi na miwili ilikuwa inaondoka hivihivi, na yeye anaitazama.

Seremala akaangua kicheko. Alicheka mpaka akajipiga paja, huku akiinyooshea kidole televisheni.

"Mumeo anacheka nini?" Dobi alishindwa kujizuia. "Mwambie mimi Ijumaa nanyang'anywa kazi! Nina mashuka sitini ndani na sina hata maji ya kuosha uso!"

Mke akayageuza maneno yale kwa mikono, yote, mpaka na ile hasira. Kicheko cha seremala kikakatika. Alimtazama dobi, akaitazama mikono yake iliyopasukapasuka kwa sabuni. Alifikiri kidogo, kisha akamwonyesha mkewe ishara moja fupi.

"Amekubali nikuambie," mke akasema, akienda kufunga mlango. "Ila mwache huyo mkurugenzi. Tazama pale."

Chini kwenye kona ya kioo cha televisheni, dada mmoja mwenye blauzi nyeusi, anayewatafsiria viziwi, alikuwa bado anachezesha mikono, ingawa mkurugenzi alishanyamaza na glasi imefika katikati.

"Haya, anasema hivi: 'Bosi wangu amewaambia Jumatatu. Lakini anayefungua koki ni mume wangu, na Jumatatu tuko harusini kwa dada yake, kwa hiyo atafungua kesho, saa kumi alfajiri. Tegeni ndoo mapema. Na kwa kuwa presha ni ndogo, jamani, kama kawaida yetu: msiwaambie wanaosikia.'"