Kope Kwenye Shaba

Fundi alipofuta pesti ya kupitisha joto kwenye kipoza-joto cha kompyuta ya mteja, aliinama kutazama vizuri. Shaba inayoilalia prosesa ilikuwa na mikwaruzo kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Hiki si changu nilichomfungia, alijisemea. Chake alikisugua kutwa nzima kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, hadi shaba ikawa tambarare na kumwonyesha jicho lake. Mwishoni pete yake ya kidoleni iliteleza, ikaacha alama pembeni, nyembamba kama kope.

“Kuna mtu ameifungua hii?”

“Hakuna, dada,” mteja alisema. “Wiki jana tu nilimwachia shemeji yako aipulize vumbi. Tangu hapo inajizima ovyo.”

Kwenye meza ya pili, shemeji aliacha kupiga mluzi.

“Vumbi tu,” alisema. “Watu wanaziendesha kompyuta kama punda, halafu lawama kwa fundi.”

Fundi aligeukia meza ile. Alikuwa akiisikiliza kompyuta ya shemeji. Hadi wiki jana ilinguruma kama mashine ya kusaga. Leo imetulia tuli, kama maji mtungini.

Akaizima, akachukua bisibisi.

“Shemeji, usijisumbue. Hiyo ni nzima,” yule shemeji alidakia.

“Nzima sana. Ndiyo maana nataka kuiona.”

Skrubu nne zikatoka. Akafuta pesti kwa kitambaa, taratibu, kutoka pembeni kuja katikati.

Ilianza kutokea ile alama ya kope. Likafuata jicho lake. Kisha, nyuma ya bega lake, uso wa shemeji.