Kona ya Gramafoni

"Kwa Vastu, elimu yetu ya kupanga nyumba, Jokha, kona hii ya kaskazini-mashariki ni ya Mungu," alisema mwenye nyumba, Mhindi wa Kampala, dira mkononi. "Hamisha gramafoni. Weka kusini-mashariki, kona ya moto."

"Huko ndiko kibla, mama. Nisujudie taarabu?"

Mama akalitazama zulia la kusalia lililochakaa kwa magoti. Akageuka na dira, akageuka tena. Kona ya tatu ilikuwa na mlango.

"Basi ile ya kusini-magharibi, ya bwana wa nyumba."

Pale kilikaa kiti cha mume wa Jokha, aliyeahidi kumfuata huku Birmingham. Mwaka wa nne huu, na nailoni ya dukani bado ilikuwa juu ya kiti.

"Si atakuja lakini?"

Jokha alikishika kiti mkono wake, akakivuta. Nailoni ikachanika.

"Nifungulie mlango, mama."