Jina la Mlinda Geti

Geti la maghorofa mjini Patna halikuwa na mtu, basi mwanamke akaingia. Kijijini kwao mke hamtaji mume kwa jina. Katika miaka thelathini ya ndoa, leo ndiyo mara yake ya kwanza kulitamka.

"Namtafuta Dukhan."

"Hapa hatuna Dukhan, mama," alisema mzee mmoja mkazi, kopo la maziwa mkononi.

"Analinda geti hili, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wiki nzima hajapiga simu."

"Aa, chaukidar, yule mlinzi. Si ungesema chaukidar tu." Kisha mzee akashusha sauti. "Dada yangu, moyo ulisimama, palepale kitini. Maiti tuliichoma wenyewe kule mtoni, kidesturi. Hatukujua kwao ni wapi, wala tumuulize nani."

Mwanamke alitazama mfuko wa unga wa dengu aliomletea mumewe. Kona yake ilikuwa imetoboka, na unga ulimwagika taratibu juu ya vidole vya mguu wake.

Nje gari likapiga honi.

"Chaukidar," dereva aliita, "fungua, bwana."

Mwanamke akauweka mfuko chini, akavuta komeo la geti.