Muhuri wa Laidi

Mzee Fu, fundi wa mihuri, alipoinua patasi kuchonga muhuri wa jina lake, Laidi alimshika mkono.

"Mzee, jina langu la zamani usiliandike."

Herufi zake mbili za Kichina zilisema: njoo, ndugu mdogo wa kiume. Wazazi walimpa jina hilo alipozaliwa msichana, wakiomba atakayemfuata awe mvulana.

"Sasa unaitwaje?"

"Laidi vilevile. Ila hiyo 'di' ya ndugu mdogo iandike kwa herufi ya ardhi, inayotamkwa vilevile."

Mzee akaichora juu ya jiwe, na alama ya udongo ubavuni. "Mama yako hatasikia tofauti. Atakuita kama jana."

"Aite tu. Anayeitika ni mimi."

Muhuri ulipokamilika, sauti ya mama ikapaa kutoka mtaani: "Laidi!"

Laidi akaugonga kiganjani kwa wino mwekundu, akapuliza wino mpaka ukakauka, ndipo akaitika.