Breki ya Tunu

Mwalimu Sengo alijilaza kwenye machela, ndani ya gari la wagonjwa, ili aisikie breki kwa mgongo wake. Tunu, mwanafunzi wake wa udereva, alikuwa kwenye usukani. Mumewe alifia njiani katika gari kama hilo, akipiga yowe kila dereva alipofunga breki. Tangu siku hiyo Tunu hakuwa amelia.

“Umenitupa mbele, mama,” alisema mwalimu, Tunu alipofunga breki. “Anza kukanyaga mapema, kidogo kidogo. Gari likikaribia kusimama, legeza mguu.”

Tunu akajaribu tena na tena. Karibu na shule, watoto walipotaka kuvuka, gari lilitulia bila kutikisika.

“Mbona hatusimami?” aliuliza mwalimu, macho ameyafumba.

“Tumeshasimama, mwalimu.”

Watoto walivuka wakimpungia mikono. Tunu aliwatazama tu, mawazo yake yakiwa kwa mumewe. Wa mwisho alipokwisha kuvuka, honi zilianza kulia nyuma yao, na mguu wa Tunu ulikuwa bado kwenye breki.